Kuchelewa Msibani Sineu

Kila nikikanyaga kanisani, au dukani pale University Boulevard, hapa ughaibuni, mtu ananishika mkono: Mama Neema, haya tuambie, huko Mallorca kulikuwaje? Nikianza kusimulia, simu inaita, au mimi mwenyewe nasinzia nikiwa nimesimama. Basi nimeandika. Anayetaka habari za ufukwe na maji ya bluu aulize wengine, maana mimi bahari niliionea dirishani kwenye ndege, tena kwa jicho moja. Na mambo ya tiketi na karatasi siyagusi, kila mmoja wetu ana yake na yanachosha.

Nianze na kilichonipeleka, ili msije mkadhani nilikwenda kutembea. Kwa mama yetu, kule Muheza, tumezaliwa wawili tu, mimi na Salome. Salome aliolewa na Jaume, mtu wa kisiwa hicho cha Mallorca, aliyekuja Tanga zamani kuchimba visima. Wakaenda kuishi huko kisiwani, wakawa wanasuka vikapu vya majani na kuviuza sokoni. Mwaka mmoja na nusu uliopita Jaume alianguka uani akiwa anamwagilia nyanya, hakuamka. Siku waliyomzika, Salome alinipigia, akaniomba kitu kimoja. Alisema, "Dada, usikate. Weka simu mezani, endelea na mambo yako. Nataka tu nisikie kuna mtu." Mimi nilikuwa navaa sare niingie kwa wazee ninaowalea. Nikamwambia nikitoka nakupigia, nikakata.

Sikupiga. Niliongezewa shifti nyingine, nikarudi nikalala na viatu, nikaamka nikaenda tena kubeba boksi kwa wazee wangu. Nilipiga siku ya tatu. Akapokea, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Usinipigie tena. Ukitaka kunipa pole, njoo. Jumatano utanikuta sokoni." Tangu hapo hakupokea simu yangu hata mara moja. Nikasikia kwa watu kwamba amehama ile nyumba, amehamia wapi hawajui. Kwa hiyo ulimwengu mzima nilikuwa na anwani moja tu ya mdogo wangu: soko la Jumatano, mji unaitwa Sineu, na soko lenyewe linafungwa saa saba mchana. Ruhusa ya kazini nilipewa siku tano. Nikiikosa Jumatano hiyo, nimemkosa Salome, na sidhani kama ningepata nguvu ya kwenda tena.

Adelphi mpaka Dulles

Jumatatu Njeri alikuja kunichukua anipeleke uwanja wa ndege wa Dulles. Wengi mnamjua, yule nesi Mkenya wa Woodbridge. Alikuwa ametoka kazini asubuhi hiyo, macho mekundu, kikombe cha kahawa mkononi kikubwa kama ndoo ya mtoto. Aliposhika sanduku langu akaliachia.

"Mama Neema, hii yote ni ya nini? Unaenda siku tano ama unahama?"

"Ni vitu vya msiba."

"Msiba si ni wa mwaka juzi?"

"Msiba ambao hujafika bado ni wa leo," nikamwambia. "Nguo nyeusi, vitenge, doti mbili za khanga, dagaa, mchele kidogo."

"Mchele? Kwani huko hawana mchele?" Akalisukuma ndani ya gari kwa goti. "Na wewe usiende kulia huko vile tunajua. Hao watu watakuitia ambulance."

Nikamwambia kwetu mtu haingii msibani kama anaingia benki. Unafika, unajifunga khanga kiunoni, unalia tangu mlangoni, mfiwa anainuka, mnashikana, mnalia wote upya. Ndiyo pole yenyewe. Ukifika kimya watasema ulikuja kula pilau. Njeri akasema kwao pia, lakini si kwa wazungu. Tukabishana hivyo kwenye foleni ya Beltway saa nzima na robo, magari hayasogei, yeye anasinzia kwenye usukani na mimi namkanyaga mguu kila nikiona kichwa kinainama. Mimi ndiye nilikuwa nimetoka shifti mbili, lakini kuogopa kufa kulinipa macho.

Madrid

Mvua ya radi ilitukalisha Dulles saa tano nzima. Wakatupandisha, wakatushusha, wakatupandisha. Tulipofika Madrid Jumanne mchana ndege yangu ya kisiwani ilikuwa imeshaondoka, na dada wa kaunta akanionyesha kwenye skrini nafasi iliyopatikana: Jumatano alfajiri. Nikahesabu kwa vidole mbele yake. Nikitua saa mbili asubuhi, nikipata treni upesi, nafika Sineu saa nne. Inawezekana. Lakini miguu ilikataa kuondoka pale kaunta. Nilisimama tu, mikono juu ya meza, watu nyuma yangu wakianza kupumua kwa hasira.

Baba mmoja Mkongomani aliyekuwa nyuma yangu tangu Dulles, naye kaachwa na ndege ya Brussels, akanishika kiwiko. "Ikala kwanza, mama," akasema. "Avion imeshaenda. Hata ukisimama, haitarudia."

Tukakaa kwenye viti vya chuma. Alikuwa na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko wa plastiki, akanimenyea moja kama mgonjwa. Akaniuliza naenda kwa nani. Nikamweleza, mpaka lile la simu, ambalo sijawahi kumwambia hata Neema, binti yangu. Sijui kwa nini. Mtu ukichoka sana mdomo unafunguka wenyewe.

Akatafuna yai lake, akasema, "Atakukasirikia sana."

"Najua."

"Ni bien, ni muzuri. Mtu mwenye hakukasirikii tena, huyo ndiye umempoteza."

Nikalala palepale nikiwa nimejifunika khanga ya kwenye mkoba, kichwa begani kwa baba wa watu. Nilipoamka kaenda zake, kaniachia mayai mawili.

Treni ya kisiwani

Jumatano saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa Palma, uwanja wa ndege wa kisiwani, na sanduku langu halikuwepo. Nilitazama ule mkanda unaozunguka mpaka likabaki begi moja la mtu mwingine linazunguka peke yake. Nguo zangu nyeusi, mchele, dagaa, vyote vimebaki sijui wapi. Mwilini nilikuwa na suruali ya mazoezi na fulana ya njano niliyopewa na Neema, imechorwa nanasi limevaa miwani. Saa nzima ikaishia kwenye kujaza fomu.

Sasa sikilizeni kosa langu, na hili nalibeba mwenyewe. Treni za kisiwa kile zinatoka mjini kwa njia moja, halafu mbele kwenye njia panda zinaachana: nyingine inakwenda kaskazini, nyingine inapita Sineu. Mimi nikapanda iliyokuwepo. Nikamwona bibi mmoja amekaa na toroli la kitambaa, nikasema huyu nitamuuliza kama niko sawa. Lakini mtu mzima humuulizi njia hujamsalimia. Kispanyola changu mnakijua, nimekipata kwa majirani zangu Wasalvador hapo Adelphi, na chote ni cha salamu. Nikamwambia habari za asubuhi, mama. Umeamkaje? Na nyumbani je? Watoto hawajambo?

Yule bibi akanitazama, halafu uso ukamfunguka wote. Nadhani ilikuwa siku nyingi hajaulizwa. Akanieleza mtoto wa kwanza, wa pili, mkwe, goti lake, akafungua picha kwenye simu. Mimi naitikia sí, sí, ay, pobrecito, maskini wee, nasubiri amalize niulize swali langu. Treni ikasimama, ikaondoka. Yeye yuko kwa mjukuu wa tatu. Alipovuta pumzi ndipo nikasema, "Sineu?" Akajipiga paja. Akaonyesha nyuma tulikotoka, kwa mkono wote.

Bibi wa watu akashuka pamoja nami kituo kilichofuata, na nina hakika hakikuwa chake, akanipandisha treni ya kurudi. Nikashuka kwenye njia panda. Kituo kiko katikati ya mashamba ya lozi, hakuna duka, hakuna mtu, jua linachoma mpaka reli zinatetemeka. Ubao ukasema dakika hamsini. Nikala mayai ya Mkongomani kwa mkupuo bila chumvi. Nilimwambia Mungu maneno ambayo si ya kuandika hapa. Nilikuwa nimechoka mpaka machozi hayatoki, na nikapata hofu nyingine mpya, kwamba nitafika kwa Salome nikiwa nimekauka macho.

Sokoni

Nilishuka Sineu saa sita na nusu. Mji uko mlimani, nyumba za mawe rangi ya muhogo mkavu, na kila kichochoro kinapanda. Watu walikuwa wanateremka na mifuko, mimi napanda peke yangu nikihema. Chini kabisa wanauza mifugo: kondoo, mbuzi, kuku kwenye matundu, punda mmoja anayefanana na mjomba wetu mmoja nisiyemtaja. Juu mboga, zeituni, soseji nyekundu za nguruwe zinaning'inia kama mapazia. Wengine walishaanza kukunja maturubai. Nikauliza "Salome? Salome?" kila meza. Wakatikisa kichwa, maana huko wanamwita jina lingine, la ukoo wa mumewe, nami kwa kuchoka nilikuwa nimelisahau.

Kilichonionyesha ni kapu. Lilikuwa limetundikwa kwenye nguzo, la majani ya mkindu wa huko, mafupi na magumu, vikapu vya namna hiyo viko vingi pale. Ila hili lilikuwa limepigwa ukili wa mama yetu, ule mwembamba wenye mstari mweusi unaopinda kushoto, ambao mama alikuwa akitupiga vidole tukiukosea. Nikainua macho. Salome alikuwa amenipa mgongo, anapanga vikapu kimoja ndani ya kingine. Amekonda. Kakata nywele zote.

Nikatoa khanga kwenye mkoba, nikajifunga juu ya suruali ya mazoezi. Na machozi niliyoyaogopea yakaja yote. Nikapiga yowe la kwetu, lile la kutoka tumboni. "Uwii, Jaume wee. Shemeji yangu wee. Umemwachia nani mdogo wangu."

Soko likasimama. Siwadanganyi, hata kuku walinyamaza. Mama wa zeituni akaanza kupekua mkoba wangu kuona nimeibiwa nini. Polisi wawili wakatoka sijui wapi, mmoja akakimbia kuteremka mlima kumfukuza mwizi ambaye hakuwepo. Mzee mwuza kuku, mnene, miaka sabini na kitu, akanikimbilia na kiti cha plastiki akanikalisha kwa nguvu, mwingine akanimwagia maji kichwani. Na mimi siwezi kuacha, maana kwetu huachi mpaka mfiwa akushike. Mfiwa ndiye anayekunyamazisha.

Salome aligeuka. Akanitazama na fulana yangu ya nanasi, inachuruzika maji.

"Nyamaza, dada," akasema. "Watu wako kazini."

Hakunishika. Akamwambia yule mzee maneno kwa lugha ya kwao, akawaambia na polisi, wote wakawa wananitazama kwa namna nyingine. Halafu akanitupia kamba. "Shika huko. Tunafunga mzigo."

Nikashika. Nikafunga vikapu na mdogo wangu ambaye sijamwona miaka kumi na moja, kichwa kinadondosha maji. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na aibu yenyewe haikuuma kama ule mkono ambao haukuja.

Nyumbani kwa Salome

Anakaa nyuma ya mji, chumba na sebule juu ya banda la kuhifadhia lozi. Akanipa taulo, akanipa gauni lake, akaniwekea chakula. Nilikuwa na njaa, nikaanza kula kabla sijatazama. Walikuwa konokono.

"Dada, unakula konokono," akasema.

"Nimeona."

"Uache."

"Nimeshakula sita," nikasema, na nikaendelea, kwa sababu niliona kwenye pembe ya mdomo wake kitu kidogo kinataka kuwa kicheko. Kikapotea. Akasafisha meza, akaniambia nilale. Nililala kuanzia saa kumi jioni mpaka Alhamisi asubuhi, sikugeuka.

Asubuhi akaniambia mwenyewe, akiwa ameinamia ukili wake, vidole havisimami. Kanisani watu walijaa. Huko wafiwa wanasimama mstari, watu wote wanapita kuwapa mkono, neno moja, basi, kila mtu kwake. Hawana ubaya, ndivyo wanavyofanya, wanaona wanakuachia upumzike. "Nikarudi nyumbani saa nane mchana, peke yangu," akasema. "Nikatoa meza sebuleni. Nikatandika mkeka. Nikakaa chini, nikasubiri watu waje tukae. Akili ilikuwa inajua hawaji, dada. Lakini nilikaa siku tatu. Kila gari likipita nasema hao."

Nikamwambia, "Na mimi nikakata simu."

"Na wewe ukakata simu."

Sikujitetea. Nilikuwa na maneno yangu tayari tangu Adelphi, ya shifti na uchovu, na yote yalikuwa kweli. Nikayaona hayana kazi. Nikamwambia, "Nilikosa, Salome. Nilikuacha." Akaendelea kusuka.

Nikainuka nikasogeza meza yake ukutani. Mkeka ulikuwa umekunjwa nyuma ya mlango, nikautandika, nikakaa, nikaegemea ukuta. Nikamwambia nitakaa hapa mpaka kesho nikiondoka, yeye afanye kazi zake. Akaniambia naota. Kazi zake akazifanya, ananiruka miguu akipita. Ndivyo tulivyokaa mpaka saa tisa mchana, mimi chini, yeye juu.

Saa tisa mlango ukagongwa. Ni yule mzee wa kuku, Toni jina lake, na mkewe, na mama wa zeituni, na mmoja wa wale polisi bila sare. Mke wa Toni kabeba sinia la maandazi yao makubwa yaliyozungushwa kama konokono, na nikaanza kuamini kisiwa hicho wana neno na konokono. Wakasimama mlangoni. Toni akazungumza na Salome kwa kirefu, amevua kofia.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema jana niliwaambia kwamba kwetu mtu akifa watu wanakuja kulia, halafu wanakaa chini na mwenye msiba." Akamtazama Toni. "Ananiuliza kwa nini sikuwaambia wakati ule. Anasema alikuwa anapita nje ya nyumba ile ya zamani kila siku na gari la kuku, haingii, anaogopa kunisumbua."

Nikasogea nikapiga mkeka kwa kiganja. Wakavua viatu. Yule polisi alikuwa na soksi iliyotoboka, akaificha chini ya paja. Toni ndiye alikuwa kazi. Magoti yake hayakunjiki, tumbo limetangulia, akashuka kwa kushika ukuta, kisha bega la mkewe, kisha kichwa changu, mpaka akatua. Salome akawa bado amesimama. Halafu akaja akakaa katikati yetu. Saa nzima, labda zaidi, tulikaa hivyo, tunakula maandazi, mke wa Toni kamshika Salome kisigino.

Wakati wa kuondoka ukafika, Toni hakuweza kuinuka. Mkewe akavuta mkono mmoja, yule polisi akavuta wa pili, mimi nikasukuma mgongoni na mgongo wangu huu mnaoujua. Akainuka nusu, akarudi, akaachia sauti ya kitako ambayo sitaieleza. Salome akacheka. Akacheka akashika mbavu, na sisi tukacheka, na Toni mwenyewe akacheka. Kwa mara ya tatu tukamsimamisha wima, kapauka, anatafuta kofia yake. Hapo ndipo nikasikia kicheko cha Salome kimebadilika. Akainama mbele mpaka paji la uso likagusa mkeka, na yowe likatoka, lile lile la kwetu, la mwaka na nusu. Nikamshika. Akanishika, akaning'ang'ania gauni kwa mikono yote miwili, na mimi ndege yangu ilikuwa kesho asubuhi.

Toni akanitazama kama mtu aliyevunja chombo. Sikuwa na Kispanyola cha kumwelezea. Yule mzee akamtazama Salome, akautazama mlango, akautazama mkeka. Akampa mkewe kofia, akashika ukuta, akaanza kushuka tena mkekani.